Nimenunua pikipiki iliyokuwa bodaboda, inaninyima raha. Nianze kurekebisha nini?

Binti wa Maili Moja

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni msomaji wa kimyakimya humu, leo nimekwama.

Naishi Kibaha Maili Moja, kazini kwangu ni Posta, katikati ya jiji la Dar. Miaka minne nimepanda daladala hadi Mbezi, nadandia nyingine hadi Kimara, halafu basi la mwendokasi. Ukifika ofisini unatamani kurudi kulala. Mwezi wa pili nikajichanga nikanunua pikipiki ya mkono wa pili, injini ya sisi 150 (cc), zile za Kihindi zilizojaa kila kijiwe. Aliyeniuzia alipiga nayo boda miaka mitatu. Injini haina neno, fundi aliisikiliza, haitoi moshi wala hailambi oili. Leseni ninayo, daraja A.

Shida ni mwili wangu. Nina urefu wa sentimita 157, kilo 56. Kutoka nyumbani hadi Posta ni karibu kilomita 40. Nikifika Kibamba, vidole viwili vya mwisho vya mkono wa kulia vimekufa ganzi. Nikifika Kimara makalio yanawaka moto. Ubungo kwenye foleni nasimama kwa ncha za vidole kama mtoto anayechungulia dirishani. Wiki iliyopita pale Magomeni, taa nyekundu, mguu wa kushoto ukatua kwenye kokoto. Pikipiki ikanilalia polepole kabisa, daladala zima linanitazama. Waliokuja kuniinua ni machinga wa miwani, na mmoja akaniuliza kama sitaki miwani.

Fundi wa karibu na nyumbani anataka laki mbili na nusu anibadilishie usukani, aweke ule mpana wa kuinuka juu, shokomzoba fupi za nyuma, boksi, spotlaiti mbili na kiti kipya chenye sponji laini "kama sofa". Mume wangu anasema niuze ninunue skuta. Sipigi boda, napanda peke yangu, ila Jumamosi nabeba mzigo wa sokoni. Wenye uzoefu, nianzie wapi?

Kijana wa Tandika

Dada uza, ongeza hela, nunua Vitz. Nimemaliza.

Spana Namba Kumi

Tandika, tulia kwanza.

Dada, huyo fundi usimpe hata mia. Mshukuru, mpe maji ya kunywa, rudi na pikipiki yako nyumbani. Mimi nilipiga boda Mbagala Rangi Tatu miaka sita, sasa ni mesenja wa ofisi moja mjini. Nipo juu ya pikipiki toka saa moja asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, na mgongo wangu ni mzima. Hicho ndicho cheti changu, sina kingine.

Hiyo pikipiki haina ubovu. Imewekwa kwa ajili ya mtu mwingine. Boda anakula kwa abiria, kwa hiyo akishanunua tu anakaza shokomzoba za nyuma hadi ngazi ya mwisho maana anajua kuna siku atapiga mshikaki, watu wawili nyuma na kiroba katikati. Tairi la nyuma analijaza upepo hadi ukiligonga linalia kama ngoma. Kiti anakiongezea sponji kiwe bapa, abiria wa pili apate pa kuegesha. Sasa wewe wa kilo 56 umekaa peke yako juu ya chombo kilichoandaliwa kwa kilo mia mbili. Kwa nini isikurushe kama bisi kwenye sufuria?

Kesho asubuhi, kabla hujaiwasha, tairi bado za baridi, pima upepo. Kwa kipimo, si kwa kupiga teke. Pikipiki ya saizi hiyo ikiwa na mtu mmoja mwepesi, mbele 25 na nyuma 28 kwa kipimo cha psi inatosha. Ukibeba mtu, nyuma ipandishe hadi 32 hivi. Linganisha na kitabu chake au kibandiko cha kwenye kava la cheni kama bado kipo. Wale vijana wa kompresa ukiwaachia wanajaza hadi wasikie raha wao.

Halafu shokomzoba. Pale chini ya springi kuna pete yenye ngazi, unaizungusha kwa spana iliyopinda kama mwezi mchanga. Spana hiyo huwa chini ya kiti kwenye mfuko wa vifaa, kama jamaa hakuiuza. Ishushe hadi ngazi ya kwanza au ya pili, na kushoto na kulia ziwe sawa. Moja ya pili nyingine ya nne, kona ya kwanza tu utaona pikipiki ina mawazo yake. Na zikishalegea, ukikaa kiti nacho kinashuka kidogo, kwa hiyo miguu nayo inafaidi.

Nije kwenye ganzi. Simamisha pikipiki kwenye stendi kubwa, ikalie kama unavyokaa safarini. Funga macho, nyoosha mikono ushike, weka vidole juu ya klachi na breki. Sasa fungua macho utazame vifundo vya mkono, pale kiganja kinapoungana na mkono. Kama kiganja kimekunjika kwenda juu, unaegemea mishipa inayopita pale chini ya kidole cha mwisho, na hiyo ndiyo ganzi yako. Legeza boliti inayoshika mkono wa klachi, uinamishe chini hadi kiganja na mkono vinyooke mstari mmoja. Breki nayo hivyohivyo. Usizikaze hadi mwisho. Ziache zikubali kuzunguka kwa kulazimishwa, maana siku ikianguka tena Magomeni itazunguka badala ya kuvunjika.

Ukimaliza hapo, kagua boliti zinazoshika injini kwenye fremu. Mimi nilihangaika na ganzi miezi miwili. Nikanunua glovu za sponji, nikanunua raba za mkono nene, nikapakwa mpaka dawa ya misuli na mke wangu kila usiku. Kumbe boliti moja ya nyuma ya injini imelegea robo mzunguko na mtetemo wote unapanda kwenye usukani. Dakika tano za spana. Dawa ya misuli ipo hadi leo, haijaisha. Cheni nayo itazame: ikikazwa sana inaunguruma na kutetemesha. Ikibonyezwa katikati kwa kidole iwe inacheza sentimita mbili hadi tatu, na zungusha tairi upime sehemu kadhaa kwa sababu cheni ya zamani hairefuki sawasawa.

Sasa usukani mpana, nikupe kisa changu. Mwaka 2017 niliuona kwa jamaa mmoja, umeinuka kama pembe za ng'ombe wa Ankole, nikasema lazima. Fundi akaufunga nusu saa, nikajiona bosi. Jioni nakata kona kali ya kushoto kuingia uchochoroni Mtoni, usukani ukafika mwisho, na waya wa mafuta, ambao ni uleule mfupi wa usukani wa zamani, ukavutika. Pikipiki ikajipa mafuta yenyewe. Mimi nimeachia kabisa, yenyewe inapanda! Nikaingia kwenye meza ya mama wa vitumbua. Nilimlipa vitumbua arobaini, chungu cha kuchomea na beseni la unga wa mchele uliokwisha kuumuka, na bado alinisema hadi nikatamani nigongwe na lori. Kwa hiyo yeyote akikubadilishia usukani, kabla hujamlipa, weka gia huru, washa injini, uache ikiunguruma taratibu, kisha zungusha usukani mwisho kushoto, mwisho kulia. Mlio ukibadilika hata kidogo, waya ni mfupi. Arudishe au abadilishe nyaya zote.

Shokomzoba fupi: stendi ya pembeni inabaki na urefu uleule, kwa hiyo pikipiki inasimama wima sana na upepo wa lori unaiangusha. Pia nyuma ikishuka bila mbele, usukani unakuwa mzito kurudi. Kukata springi ndiyo usithubutu. Spotlaiti: bila rilei (swichi ya umeme inayobeba mzigo wa taa) na fyuzi yake utapika waya za swichi, na zile nyeupe kali utamtia upofu anayekuja mbele yako, naye ndiye mwenye lori. Boksi ni zuri kwa koti la mvua na viatu vya ofisini. Mzigo mzito usikae huko, unaning'inia nyuma ya tairi na mbele inakuwa nyepesi kama karatasi. Viazi vya Jumamosi funga juu ya kiti, karibu na mgongo wako.

Vyote nilivyokwambia kuanzia upepo hadi cheni ni bure. Ukimaliza ndipo uguse kiti, na hapo kuna wajuzi kuliko mimi.

Fundi Siti wa Keko

Umenitaja bila kunitaja.

Dada, neno "kama sofa" liogope. Sponji laini ukiikalia dukani ni tamu. Ukiikalia saa nzima inalala chini na unabaki umekalia plastiki. Ijaribu kwa dole gumba: ukibonyeza ukagusa sakafu, si ya pikipiki. Ile nzuri ni sponji ngumu ya mabaki yaliyogandishwa, ile ya rangirangi, juu yake unaweka tabaka jembamba la laini. Haipendezi macho lakini inabeba mtu.

Kuhusu kufika chini, watu wanahangaika kushusha pikipiki wakati shida ipo mapajani. Kiti kikiwa kipana pale mbele kinakotana na tangi, kinakupanua mapaja, mguu unapoteza urefu. Mwambie fundi akate pembe za mbele, apunguze sentimita tatu kila upande, aache nyuma kuwe kupana kwa ajili ya makalio. Utashangaa kisigino kinavyotafuta lami. Na ukienda kwa fundi nenda na kiatu unachoendeshea, si ndala. Kaa, shuka, akate, kaa tena. Fundi anayekwambia "acha hapa uje jioni" anakata kwa macho yake, na macho yake hayana miguu yako.

Kingine: kava lisiwe na mshono katikati pale unapokalia. Masika maji yanaingia kwenye tundu za sindano, sponji inakunywa, na siku tatu baadaye jua linawaka lakini wewe unafika ofisini umelowa nyuma. Mwambie atandaze nailoni chini ya kava. Kwangu kazi hiyo ni elfu 40 na sponji ndani yake. Huko Kibaha isizidi sana hapo.

Wa Likoni

Salamu kutoka Mombasa. Dadangu, mimi ni mfupi kukuliko na navuka feri ya Likoni kila siku na pikipiki, pamoja na ule mteremko wa kuingilia chomboni. Maji yakipwa unakuwa mkali, na wenye miguu yao wamekuzunguka kila upande. Nilijifunza huko: usisimame kwa ncha za miguu miwili. Ukikaribia kusimama, sogeza kalio moja nje ya kiti upande wa kushoto, uteremshe mguu huo mzima, unyayo wote, na wa kulia ubaki juu ya breki. Mguu mmoja uliokanyaga kisawasawa wakushinda miwili inayodonoa. Na tazama utakapokanyaga kabla hujasimama. Kokoto haikuruka, ilikuwapo.

La pili, waya wa klachi. Huku pwani chumvi ya hewani haina huruma, waya unakauka ndani ya ganda lake na klachi inakuwa nzito, kisha mtu alalamika mkono. Fungua ncha ya juu, funga kifuko cha nailoni kama mrija, tia oili nyepesi, uiache iteremke usiku kucha hadi itokee chini. Asubuhi utabana klachi kwa vidole viwili. Isipolainika, waya umeshachakaa, nunua mwingine. Si ghali.

Mama Skuta

Nimtetee kidogo mume. Skuta ninayo mwaka wa tatu, Mikocheni kwenda Masaki na kurudi. Haina gia, mbele kuna sakafu naweka kapu langu la nyanya, na gauni halipandi. Raha tupu. Ila magurudumu yake ni madogo, shimo ambalo nyie mnapita nalo mimi naingia ndani nalisalimia. Kwa Morogoro Road, kilomita 40 katikati ya malori ya Tunduma, mimi nisingethubutu. Mwambie shemeji wazo lake ni zuri kwa mtu anayeishi Mikocheni.

Binti wa Maili Moja

Wakuu, nimerudi. Wiki mbili zimepita, nilitaka nijaribu kwanza ndipo nije.

Upepo: nyuma ilikuwa 42! Mbele 36. Nilipotoa hadi 28, kijana wa kompresa akanitazama kama naiharibu pikipiki kwa makusudi. Siku hiyohiyo matuta ya mtaani kwetu yalikuwa matuta mengine. Shokomzoba ya kushoto ilikuwa ngazi ya mwisho, ya kulia moja chini yake. Spana yenye umbo la mwezi haikuwapo, jamaa kweli aliiuza, nikaazima kijiweni. Sasa zote zipo ya pili. Boliti za injini zilikuwa salama ila cheni ilikazwa kama gitaa.

Klachi na breki nimezishusha. Siku ya kwanza mikono ilinyoosha njia yake ya zamani ikakosa breki, nikazunguka uwanja wa shule mtaani hadi nikazoea ndipo nikaingia barabarani. Ganzi ya Kibamba imekufa. Sasa inaanza nikikaribia Ubungo, tena kidole kimoja tu.

Kiti ndiyo vituko. Nimekipeleka kwa fundi wa hapahapa, nikakaa naye saa mbili, nikiwa na kiatu changu. Alipofungua kava tukakuta sponji yake ya kiwandani imebanwa kama mkate wa juzi, juu yake kipande cha godoro la maua, na katikati, pale ambapo mimi nakalia kila siku, NDALA. Ndala ya bluu, nzima, imekatwa kisigino. Fundi akaishika juu akanyamaza. Mimi nikacheka hadi machozi, maana nilikuwa na alama yake mwilini na sikujua. Tumeitoa, tumekata pembe za mbele kama Fundi Siti alivyosema, sponji ya rangirangi, nailoni chini. Elfu 45. Miguu bado haitui yote miwili lakini mmoja unatua wote, na ule ujanja wa Likoni wa kusogeza kalio nimeufanyia mazoezi kwenye mataa ya Magomeni palepale. Machinga wa miwani ananijua sasa, anapiga makofi.

Usukani sijagusa. Boksi nimefunga dogo, lina koti la mvua na viatu tu. Spotlaiti nimeahirisha.

Mume wangu Jumapili aliomba aiendeshe "kidogo tu aone". Alitoka saa nne, akarudi saa nane.

Swali lililobaki: hicho kidole kimoja cha Ubungo ni cha nini? Ni mkono wa kulia tu.

Spana Namba Kumi

Mkono wa mafuta huo. Tazama raba yake. Ikiwa imesuguliwa hadi inang'aa, unaibana kwa nguvu isiteleze bila mwenyewe kujua. Nunua raba mpya yenye mikunjo, si nene, una mkono mdogo. Halafu sikiliza waya wa mafuta ukiachia: unarudi wenyewe haraka au unajivuta? Ukijivuta utie oili kama wa klachi. Na Kibamba hadi Kimara barabara ikinyooka, jikumbushe kuchezesha vidole, kimoja kimoja. Ukifika kwenye foleni pumzisha mkono juu ya paja.

Mumeo akianza kuuliza bei ya raba, ficha funguo.

Kijana wa Tandika

Hiyo ndala ilikuwa ya mguu gani? Mimi nimebaki na ya kushoto.